Mwanamina binti Faraji na Mkeka wa Mikono Minne

“Kitanda chako ndicho kirefu, mkeka hauna kosa!” Maneno hayo marehemu dada yetu, Mwanamina binti Faraji, alimwambia mteja mbele ya duka la Haidari hapa Kibiti, Aprili 2016, wateja wote wakisikia. Mkeka wake ulikuwa umerudishwa kwa kuwa mfupi, na huo ulikuwa wa tatu kurudishwa mwezi huo. Tutafika huko. Kwanza alikotoka.

Alizaliwa Mbuchi tarehe 12 Juni 1963, mtoto wa kwanza wa Mzee Faraji Mwinyimvua na Bi Subira Yassin. Alianza shule ya msingi hapo kijijini mwaka 1971, akamaliza darasa la saba 1977. Hesabu alizipenda. Kimo ndicho hakikumpenda: mwalimu alimweka mstari wa mbele siku ya kwanza na hakumwondoa mpaka mwisho. Kusuka ukindu alifundishwa na mama, pamoja na kupima kwa mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Mkeka wa kitanda ni mikono minne. Basi.

Mwaka 1982 aliolewa na Bwanaheri Gharibu wa Maparoni, mkata boriti za mikoko. Walijaliwa watoto wanne. Wawili walitangulia wangali wadogo. Bwanaheri alikuwa mtu wa maneno machache. Kitanda chao alikitengeneza mwenyewe, na siku ya kupima mbao alimwita mkewe: “Mwana, lete mkono.” Ndiyo maana kwa miaka thelathini na tatu mkeka wa Mwanamina haukuzidi wala kupungua. Bwanaheri alifariki 2015, na Januari iliyofuata dada akahamia Kibiti kwa mdogo wake Zena, aliyeandika haya.

Hakuja kukaa bure. Alijitwika mikeka mitatu akapita duka hadi duka. Duka la kwanza kijana alimwambia, macho kwenye simu, “Bibi, siku hizi watu wanataka ya plastiki.” Akamjibu, “Ya plastiki ukiilalia unaamka mgongo umeloa. Inua macho basi uuone huu.” Hakuinua. Duka la pili walimwambia arudi kesho, akarudi kesho tisa. Kwa Haidari hakuomba. Alivua viatu, akatandika mkeka katikati ya duka, akaketi.

“Mama, unanizibia njia.”

“Kaa kwanza, mwanangu, ndipo unifukuze.”

Haidari alikaa. Alipoinuka alichukua mikeka yote mitatu kwa mali kauli, yaani analipa ikishauzika, na haikumaliza wiki.

Sasa ule ugomvi. Haidari hakubishana. Aliweka mkono wake juu ya kaunta, akamwomba dada auweke wake pembeni, kiwiko kwa kiwiko. Wa dada ulipungua vidole vitatu. Kwa mikono minne ni vidole kumi na viwili: shibiri nzima. Dada akasema taratibu, “Kumbe nimewapunja watu.”

Mikeka iliyokwisha kuuzwa ilikuwa kumi na mmoja. Aliifuata mmoja baada ya mwingine, mmoja hadi Nyamisati, akaiongezea shibiri bila kupokea hata nauli. Na tangu siku hiyo alipimia fimbo iliyokatwa kwa kipimo cha mkono wa Haidari. Mikeka kumi aliitimiza. Wa mwisho alikuwa ameununua Haidari mwenyewe, naye akakataa kuutoa.

“Nikikupa huu, Mama, utakuja kugombana na nani?”

“Haidari, unataka niingie kaburini na shibiri yako?”

Mwenzake alicheka. Yeye hakucheka. Alimuuliza hivyo kila alipopeleka mzigo, kwa miaka minane.

Oktoba 2024 miguu yake ilianza kuvimba, ikaonekana ni moyo. Alilazwa mara mbili. Hapo kitandani alisuka ukili, ule ukanda wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, wa kutosha shibiri moja, akamkabidhi mdogo wake Zena: “Nikishindwa, utaushona wewe. Na usinishonee ovyo, nakujua.” Alifariki nyumbani Kibiti, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na moja.

Ameacha watoto wawili, Sabra, na Nurdini anayewasomea haya, aliyefika jana na boti ya Mafia, wajukuu watano, mdogo wake wa kiume Abdulatifu, na mdogo wake Zena, ambaye kweli hushona ovyo.

Jana jioni familia ilitangaza, kama ilivyo desturi, kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Haidari alikuja na mkeka begani. Zena alikuwa ameshatia uzi kwenye sindano.

“Acha, Bi Zena,” alisema. “Mtandikieni hivi hivi.”

Leo, alipokwisha kuvishwa sanda, amelazwa juu ya huo mkeka. Umemtosha kichwani hadi nyayoni, na chini imebaki nafasi ya kiganja. Haidari amesema mbele yetu sote kwamba shibiri yake ameisamehe. Ule ukili ameuomba, naye amepewa.

Mwenyezi Mungu amtandikie dada yetu mahali pema, pa kumtosha.