Chuma cha Mlangoni Kwetu

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana wenzangu, nawasalimu katika Bwana. Mtaniwia radhi, nitasoma. Nikiwatazama usoni nitasahau yote, na mama amekaa pale mbele, ndiyo kabisa.

Nilianguka na baiskeli nikitoka Kipalapala kwa shangazi, nyuma nimefunga kiroba cha viazi. Nikavunjika mfupa wa mkono wa kulia, karibu na bega. Mfupa ukaunga vizuri, lakini bega likaganda. Mkono ukawa unafika usawa wa kidevu na kukataa.

Mtasema hilo si jambo kubwa. Ndugu zangu, nawaambia, mimi hata kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kukaa kimya. Darasani njia yangu pekee ya kuongea ilikuwa kunyoosha mkono. Mwalimu akiuliza, jibu ninalo, mkono haupandi. Wa kushoto naona si adabu. Mwisho mwalimu akaacha kutazama upande wangu. Nami nikaanza kujiuliza, hivi jibu ninalo kweli, au najidanganya?

Hospitali, dada wa mazoezi ya viungo akanielekeza nitafute mahali pa kushika juu, niuache mwili uvute bega polepole, miguu ikigusa chini. Kaka yangu akaenda kwa fundi kule Ng'ambo, akarudi na kipande cha bomba na vishikizo vyake, akakikaza juu ya mlango wa kutoka sebuleni kwenda korido. Bomba lilikuwa linateleza, akalizungushia mpira mweusi wa tyubu. Mpira ukanichubua, mimi nikafunga juu yake kitambaa chekundu cha sketi ya zamani. Sikufikiria kitu. Nilitaka viganja visiume.

Sasa sisi ni Wanyamwezi, na jirani yetu mmoja ni Mzaramo. Mnajua utani wetu na watu wa pwani, umeanza tangu babu zetu wanabeba mizigo kwenda huko. Siku hiyo alikuja na mama mwingine wa jumuiya yetu hapa Cheyo. Jirani akakiangalia kile chuma, akauliza ni nini. Kaka akamjibu bila kucheka: "Pita taratibu, shangazi. Nyumba imezindikwa hii. Mzaramo mwenye roho mbaya anaganda hapo hapo."

Jirani akasema, "Basi ningekuwa sanamu zamani," wakacheka wote wawili.

Yule mama mwingine hakucheka. Yeye si mtani wetu. Alitazama kitambaa chekundu juu ya mpira mweusi, juu ya mlango, akasema amekumbuka ana kitu jikoni kwake, akaondoka.

Baada ya hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Watu wakawa wanatusalimia wakiwa nje, dirishani. Rafiki yangu wa kwaya alikuja kunifuata, akasimama uani, nikamkaribisha ndani akasema viatu vina matope. Ilikuwa kiangazi. Zamu ya sala ikafika kwetu, ikaruka ikaenda nyumba ya tatu. Mama, ambaye ndiye anayeongoza sala za jumuiya, akaambiwa apumzike kidogo. Akawa anapika huku analia, ukimuuliza anasema vitunguu. Siku nyingine hakuna kitunguu.

Nilidhani ni mimi. Kwamba watu wamechoka kumwonea huruma msichana wa mkono mbovu. Nikawa naingia koridoni, nafunga pazia, naning'inia pale nalia, na bega linauma. Hata sikujua nalilia kipi.

Siku moja mzee wa kanisa akaja na akina mama, yule ambaye hakucheka akiwemo. Walikaa, chai hawakugusa. Mzee akainua macho mlangoni, akasema kwa upole, "Binti, tueleze. Kile pale ni kinga ya nini?"

Neno lilikuwa moja tu: mazoezi. Mtoto wa chekechea analijua. Mimi lilinikwama. Nikamtazama mama, mama akasema, "Sema, mwanangu. Wanasema tumezindika nyumba."

Ndipo nikaelewa yote mara moja, na mdomo ndio ukafunga kabisa. Nikaweka chini sinia la chai nililokuwa nimeshika. Nikaenda mlangoni, nikashika chuma kwa mkono wa kushoto. Wa kulia nikausukuma. Ukapita kidevu, ukapita sikio, ukashika. Nikakunja magoti, nikaning'inia mbele ya mzee wa kanisa nikiwa na gauni langu la nyumbani, machozi yanatoka.

Kisha yule mama akasema polepole, "Jamani. Kumbe ni bega la mtoto."

Mzee akasimama, akalishika bomba, akalitikisa kama anayenunua. Akauliza kama linafaa pia kwa mgongo.

Namshukuru dada wa hospitali, na fundi. Namshukuru kaka, ingawa utani wake auangalie. Namshukuru yule mama, aliyerudi kesho yake na chupa ya asali, akaingia akapita chini ya chuma bila kuinama. Mama yangu aliongoza sala jana. Namshukuru Mungu, ingawa bado simwelewi: kitu kilichoniponya ndicho kilichowakimbiza watu, na siku niliyoshindwa kusema ndiyo niliyosikika.

Funzo sina kubwa. Ukiona kitu juu ya mlango wa mwenzako, ingia uulize. Na wewe mwenye mlango, ukiulizwa, jibu, hata kwa mwili kama mdomo umegoma.

Hapa chini nimejiandikia: weka karatasi, nyoosha mkono wa kulia, waone.

Naiweka.