Kunguru wa Dambar

Basi letu la kwenda Ratna Park lilikwama kwenye foleni ya Chabahil. Kwenye kiti cha mbele yangu, binti mmoja alikuwa akikariri kwa sauti kitabu cha magonjwa ya akili, maana alikuwa na mtihani asubuhi hiyo. Mama wa pembeni yake, aliyepakata fungu la figili, alisikiliza weee, kisha akauliza, "Mwanangu, mume wangu Dambar anaongea na kunguru. Huyo yuko ukurasa gani?"

Binti akakaa kidaktari. "Wanamjibu, shangazi?"

"Wangekuwa wanajibu, si ningeongea nao mimi."

"Basi si mgonjwa. Kulisha kunguru kwa ajili ya marehemu ni mila yetu, na kitabu kinasema imani ya jamii nzima haihesabiwi ugonjwa."

"Kuwalisha tunawalisha wote. Yeye anawaomba msamaha wali ukipoa."

Binti akafunua ukurasa mwingine. Mimi niliyejifanya nimelala nikafumbua jicho moja.

"Labda ana sonona?" binti akauliza. "Halali usiku?"

"Analala kama gunia."

"Shangazi, kwani unataka awe mgonjwa?"

"Nataka kujua. Miaka thelathini na moja, mimi hajaniomba msamaha hata siku moja. Kama ni ugonjwa, nitamtafutia dawa. Kama ni dharau, leo atakula na hao kunguru wake."

Foleni ikafunguka; punde konda akagonga bati, tukawa tumefika Ratna Park. Mama alisimama mlangoni na figili zake akingoja jibu, na binti alikuwa bado anapekua faharasa, akitafuta dharau.