Kaveke Nthiwa na Mashine ya Mapindo

Ijumaa, tarehe 28 Agosti 2026, Kaveke Nthiwa, Mama Kitheka kama tunavyomwita, anastaafu baada ya kuitumikia Karakana ya Mwangaza, hapa Tulia, kwa miaka thelathini na mmoja. Alikuja kutoka Makindu akiwa fundi wa suruali, na siku ya kwanza alitangaza wazi kwamba hana haja na vitambaa vinavyovutika. Leo ni vigumu kupata familia Kitui au Makueni ambayo haijawahi kuvaa fulana iliyopita mikononi mwake.

Mwanzoni tulishona sare za kaki tu. Kisha shule zikaanza kutaka fulana, na meneja wetu, Bwana Mutunga, akanunua kavastichi, ile mashine ya sindano mbili inayoshona pindo la fulana na kulifunika kwa uzi upande wa ndani. Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Kila pindo lilitoka limetanuka na kujaa mawimbi. Wengine walitaka mashine irudishwe dukani, lakini Kaveke akaomba apewe gunia la vipande vya kitambaa. Alipunguza mgandamizo wa mguu wa mashine, akayafanya meno ya mbele yaingize kitambaa upesi kuliko ya nyuma yanavyokitoa, akashona, akavuta, akatupa, akaanza upya. Hatimaye pindo likalala. Tangu hapo hakuna fulana iliyotoka kwetu kabla hajaivuta kwa mikono miwili.

Tabia hiyo aliibeba hadi kanisani. Jumapili moja kule Kathonzweni alimwona mwanakwaya mwenye pindo la mawimbi mbele yake, akamvuta fulana katikati ya wimbo. Jamaa akageuka, akidhani ameitwa.

"Wewe imba tu," Kaveke akamnong'oneza. "Lakini kesho uniletee hiyo fulana."

Aliileta.

Kazi tutakayoisimulia zaidi, hata hivyo, ilianza mwenzetu Kasiva alipojifungua kabla ya wakati. Wauguzi walimfundisha kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ndani ya mkanda mpana wa kitambaa cha fulana. Kaveke akamshonea mkanda huo. Siku chache baadaye Kasiva aliinama kuchota maji, nyuzi za pindo zikakatika mfululizo, na mkanda ukalegea. Mungu ni mwema, mkono wake mmoja ulikuwa umemshika mtoto.

Kasiva alipourudisha mkanda hakumlaumu mtu. Kaveke aliutandaza mezani na kulifuata pindo kwa kidole, uzi kwa uzi.

"Nimeushona kama jezi ya mpira," akasema mwishowe. "Kosa ni langu. Nitashona mwingine sasa hivi."

Shida ni kwamba mashine ilikuwa katikati ya oda kubwa ya jezi.

"Mama Kitheka, ngoja kwanza tumalize," Bwana Mutunga akamsihi. "Ukigusa hizo skrubu tutapoteza siku nzima kuirudisha mashine ilivyokuwa."

"Bwana Mutunga, hao vijana watacheza na jezi za mwaka jana," akajibu, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye skrubu.

Alilegeza mkazo wa nyuzi za sindano, akafupisha mshono ili pindo liwe na uzi wa kutosha kuvutika, akaweka chini uzi laini unaonyumbuka. Pindo la kwanza likakatika. La pili halikukatika, ila kitambaa kilifura katikati ya mistari miwili ya mshono, naye akalikataa kwa sababu lingemwachia mtoto alama. Akalegeza uzi wa chini pia. La tatu likalala vizuri, likavutika, likarudi.

Bado hakuridhika. Alimvisha Bwana Mutunga mkanda huo juu ya shati, akamtia pakiti ya unga wa ugali kifuani, akamwamuru ainame, achuchumae, ainuke, atembee. Meneja wetu alikuwa akizunguka karakana kwa upole, mkono mgongoni mwa unga, mwenye oda ya jezi alipoingia.

Akamtazama kutoka juu hadi chini. "Hongera," akasema. "Ni wa kwanza?"

Tulicheka hadi mbavu zikauma, na baada ya hapo mteja mwenyewe hakuwa na nguvu za kugomba kwamba jezi zitachelewa. Pindo halikukatika hata uzi mmoja. Jioni hiyo Kaveke alimfunga Kasiva na mtoto wake kwa mikono yake mwenyewe, akalivuta pindo pande zote, ndipo akawaruhusu waondoke. Mtoto yule ni Kanini, jina ambalo kwa Kikamba maana yake ni 'mdogo'. Sasa yuko darasa la nne, anacheza netiboli, na amewapita wenzake wote kwa urefu. Mikanda ya akina mama tunaishona hadi leo.

Wiki iliyopita Kaveke alimkabidhi mwenzetu Ciku mashine hiyo. Alimpa kitambaa kigeni, chepesi na chenye kuteleza, kisha akatoka nje na kikombe chake cha chai ili asimsimamie. Tulimwona dirishani, ametupa mgongo, anasikiliza mashine ikiguruma, inasimama, inaguruma tena. Hakugeuka. Ciku alipomletea pindo, Kaveke aliweka kikombe chini, akalivuta kwa nguvu zake zote.

"Mimi singebadilisha kitu," akasema.

Mama Kitheka, asante kwa kila pindo na kila kicheko. Nenda kwenye shamba lako la Kathonzweni, ndengu zikubali, mvua isikuchezee, na miguu yako ipumzike. Tunakuombea siku ndefu, zenye afya na amani.