Alhamisi za Peres

Musili, funga mlango ukae chini, na hiyo fomu umeficha ndani ya koti uitoe uiweke hapa kwa kitanda, pamoja na hiyo pedi ya wino, kwa maana nimeiona tangu uingie na mimi sijakufa bado. Kaindi, wacha huo uji. Kaa hapa kwa miguu yangu, mahali nitakusikia hata nikishindwa kukuona. Nataka kuwaachia maneno yangu nikiwa na akili yangu, na mtu asinikatize, kwa sababu pumzi ni kidogo, na nikianza kubishana na nyinyi itaisha kabla sijafika mahali naenda.

Vitu vyangu si vingi. Shamba ya Mwala baba yenu Muindi aligawa mwenyewe akiwa anatembea na miguu yake, kwa hivyo hapo msinirudishe. Kitanda hii ni ya Kaindi, yeye ndiye amekuwa akinigeuza juu yake miezi minne na hajawahi kunionyesha uso mbaya. Sufuria kubwa irudi jikoni ya kanisa. Kiondo yangu, ile kikapu nyekundu sijamaliza kusuka, nitasema nikifika huko.

Sasa hiyo fomu. Jumapili hii wale wakaguzi wa kanisa wanarudi kuangalia kama huduma zetu ziko na afya, na Kaindi wewe huendi vikao, wacha nikueleze uelewe kwa nini ndugu yako anatoa jasho. Kila huduma iko na duara yake kwa karatasi, ya watoto, ya kwaya, ya maombi, ya vijana, na ya kutembelea wagonjwa, hiyo yangu ya miaka thelathini. Duara unaipaka kijani kama huduma ni mzima, njano kama inakohoa, nyekundu kama iko mahututi. Kanisa ikipatikana na nyekundu mbili, inafungwa, na watu wa hapa Kangemi wanaambiwa wapande mpaka kanisa ya Loresho wakae nyuma ya wenye magari. Ya vijana ni nyekundu tayari, hata kipofu ameona hizo viti tupu. Imebaki moja tu ya kutufunga, na hiyo moja inangojea kidole yangu.

Mwaka jana, Musili, ulikuja hivi hivi. Wewe ni katibu, mimi sijui kusoma, ukanisomea yote vizuri, ukaniuliza, mama, tuweke gani? Nikakwambia weka kijani. Mtu akikuuliza, sema ni mama alisema, sikukatazi, ni ukweli. Lakini majina ulijaza wewe. Uliandika Peres, yule wetu wa kuongoza nyimbo, anatembelewa kila Alhamisi, ukashika kidole yangu ukaibonyeza hapo chini, na mimi nikaangalia kalenda kwa ukuta. Kusoma sijui, lakini kijani naijua. Kalenda niliiangalia makusudi.

Na nyinyi wote mnafikiria ni magoti. Kwa mazishi ya Peres pasta alisimama mbele ya watu akasema magoti ya shosho, nyanya wetu huyu, ndio yalimzuia kumtembelea, na mimi nikakubali kuonewa huruma. Hayo magoti yalikuwa yananifikisha sokoni kununua ndizi na kurudi. Haikuwa magoti. Ilikuwa chai.

Mnakumbuka ile harusi mvua ilinyesha, mimi nikiwa mkubwa wa jikoni? Maziwa iliisha watu bado wako kwa foleni, nikaongeza maji, ningefanya nini. Peres akachukua kikombe, akainua juu mbele ya wamama wote, akasema na ile sauti yake ya kuongoza nyimbo, "Hii chai ya Mama Musili, ukiangusha sindano unaiona ikilala chini." Wamama wakacheka mpaka wengine wakashikilia meza. Hata mimi nilicheka. Kisha nikabeba hiyo kicheko mpaka nyumbani, na nilipofika haikuwa kicheko tena.

Peres akaanza kuugua sukari, miguu ikafura. Nikatuma yule msichana wa huduma, Jacklyne. Jacklyne akapiga simu, na hiyo simu ndio ikawa kutembelea. Siku moja nilienda mwenyewe, nikafika mpaka kwa geti ya ploti yake, hizo vyumba za kupanga, nikamsikia ndani anaimba, wimbo unakatwa na kikohozi, anaanza tena. Nikajiambia, huyu bado ako na sauti ya kunicheka. Nikarudi. Hakuna mtu anajua hiyo, ni nyinyi nawaambia leo. Ilikuwa hatua kumi kutoka geti mpaka mlango wake, na mimi nikarudi.

Alipatikana Jumatatu na jirani alienda kuomba mtungi. Alikuwa amelala hapo siku nne, watu wakipita na ndoo zao.

Kaindi, usilie, nikikusikia ukilia nitasahau. Nipe maji. Kidogo tu.

Ngoja, sijafika mwisho. Msichana wa Peres, Beryl, anafanya kazi kwa wachapaji huko River Road, na hapo ndio ulipeleka ripoti yetu ichapishwe, Musili, na yeye ndiye alikuwa anapanga karatasi. Alisoma jina ya mama yake. Siku ya mazishi alikuja akanishika mikono miwili, akaniambia, "Shosho, nilisoma kwamba mlikuwa kwake kila Alhamisi, ndio maana simu yake ilipozima sikushtuka. Nilijua yuko na watu." Kisha akaniambia asante. Mungu akubariki, shosho. Nimekunywa dawa za aina yote kwa hii kitanda, na hiyo asante haijashuka mpaka leo.

Hiyo kiondo, sasa. Mnajua nilikuwa naenda nayo kwa wagonjwa, kwa sababu mgonjwa hapendi kukaliwa mbele akiangaliwa kama televisheni, ni afadhali uwe na kitu mikononi. Kila mtu nimekaa naye, nilisuka mstari mmoja mwekundu hapo kando ya kitanda yake, si nyumbani, si kwa njia. Pasta wa zamani alikuwa anaigeuza akihesabu mistari, na hiyo ndio ilikuwa ripoti yangu. Mwaka jana mlileta fomu, hakuna mtu aliuliza kiondo. Ungeiangalia, Musili, ungeona imesimama. Hakuna mstari ya Peres.

Najua unataka kusema nini, naona mdomo yako inacheza. Utaniambia, mama, hiyo ukuta ya kanisa baba alijenga na mikono yake, utaifunga na kidole yako? Baba yenu alianza hiyo ukuta kwa sababu ya Mzee Were. Were alilala na homa kwa ile kanisa ya mabati, hakuwa na kwake, mvua ikamnyeshea sisi tukiomba macho yamefungwa. Muindi alifungua macho, akaona, na kesho yake akaleta mawe. Sasa nasikia Were amelala tena, chumba ya nne kutoka kwa ile ya Peres. Ni nani ameenda? Kaindi? Musili? Na leo ni Alhamisi.

Kwa hivyo fanyeni hivi. Chukua kalamu, Musili. Paka hiyo duara nyekundu, paka nikiangalia. Jumapili usimame usome, useme Peres hakutembelewa, useme na sababu, hata chai useme, wacha wacheke. Kisha waombe mwaka mmoja. Waambie huduma iko mahututi, haijakufa. Wakikataa mkaenda Loresho, nendeni, lakini muende mkijua ni nani mgonjwa katika nyinyi. Kiondo ni ya Kaindi, aimalizie kwa vitanda za watu. Asiisuke hapa nyumbani hata mstari mmoja.

Na nikifa kabla ya Jumapili, Kaindi, ukipata wino kwa kidole yangu ambayo hukuona ikiwekwa, usinioshe. Ita wazee kwanza.

Umemaliza? Isogeze. Macho imeingia ukungu... Kaindi, wewe niambie, na usinifurahishe. Ni nyekundu? Sema tena. Haya. Shika mkono yangu, Musili. Bonyeza. Safari hii nimeangalia.

Leteni viganja niwatemee mate ya baraka, hata kama ni kavu. Mungu awafungulie milango. Mkibisha, mpate mtu wa kuwafungulia... na mkiwa nyinyi ndio mmelala ndani, msikie mtu akibisha. Watoto wenu wawe wengi kuliko hasira yenu.

Musili, nenda kwa Were. Sasa hivi, chukua hiyo uji, bado iko moto. Usiningojee mimi, mimi niko na Kaindi.

Ameenda? Nimesikia mlango.

Kaindi... hiyo kitambaa weka chini. Usinifute. Hiyo wino wacha ikae. Beryl akija kuniaga, fungua mkono yangu, umwonyeshe. Mwonyeshe kabla hajasema asante.