Chokaa ya Mama Sepat Iliyomgomea Mwalimu Nialin

Mwalimu Nialin Pomat amefundisha kemia katika Shule ya Sekondari ya Sohomba, hapa kisiwani Manus, kwa miaka thelathini na mmoja. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025.

Alifika na sanduku la nguo, kitabu kimoja cha mazoezi, na imani kwamba kitabu hicho kinatosha. Hakikutosha. Mwaka 2003 darasa lake la kumi na mbili, wanafunzi kumi na tisa, mimi nikiwemo, tulimaliza hesabu zote za moli, kile kipimo cha kemia, zilizokuwemo. Tulipata alama za juu, tukatembea vifua mbele. Mtihani wa mwisho ulipokuja, swali la moli lilikuwa na hatua tatu badala ya moja. Wote kumi na tisa tulilikosa, na mlango wa chuo kikuu ukafungwa.

Mwalimu hakutulaumu. Alisema, "Niliwalisha uji wa sago, mkaenda kukutana na mfupa." Kisha akaanza kuwinda mifupa.

Aliandikia shule za visiwa vingine. Aliomba karatasi za mitihani ya zamani kwa kila mgeni aliyeshuka melini. Nyingi alizitupa palepale: "Swali jepesi hili!" Hatimaye akaamua kutunga lake kutokana na chokaa tunayotafunia popoo. Ukichoma gramu mia tano za matumbawe, utapata chokaa kiasi gani? Jibu lake lilikuwa gramu mia mbili na themanini. Alilipenda sana, akaenda kumwonyesha Mama Sepat, muuza chokaa wa sokoni Lorengau.

Mama Sepat alicheka mpaka akashika nguzo. "Mwalimu wangu we! Hiyo chokaa yako itakubabua ulimi. Maji umenyunyiza saa ngapi?"

Kumbe mwalimu wa kemia alikuwa amesahau maji, jambo ambalo mtoto yeyote wa Manus analijua. Akapiga hesabu upya: maji yakiingia, chokaa inafika gramu mia tatu na sabini. Mama Sepat akachoma gramu hizo mia tano na kunyunyiza, wakapima kwenye mizani ya samaki. Mizani ikasoma mia tatu tisini na sita. Soko zima likaangua kicheko, lakini Mwalimu alisimama palepale, hakuondoka mpaka Mama Sepat alipomnong'oneza: "Kuni zilikuwa mbichi, matumbawe mengine hayakuiva. Usinitangaze, mwenzangu."

Samahani Mama Sepat, leo tumekutangaza. Matumbawe ambayo hayakuungua yalikuwa gramu ngapi? Hilo ndilo swali tulilopewa sisi kumi na mmoja tuliorudia mtihani. Mimi lilinitesa siku nne kabla sijapata gramu mia moja. Mwaka ule swali la moli lilikuja gumu kuliko la kwanza, na tisa kati yetu tulilipata.

Tangu hapo daftari la maswali aliyoyatunga limefikisha mia tatu na kumi na mawili. Sheria yake ilikuwa moja: swali likiteguliwa kabla ya kengele kulia, linakatwa kwa kalamu nyekundu. Na mwanafunzi aliyeleta swali la kumshinda yeye alipewa samaki mzima wa kukaanga. Samaki hao hawakuwa wengi.

Mimi ndiye ninayechukua darasa lake, na nakiri kwamba nililimezea mate daftari lile. Mwezi uliopita akanipa jingine, jipya, halina hata nukta. "Yale umeshayazoea, Kanawi," akasema. "Ukiyazoea wewe, watoto watayala kama uji. Nenda sokoni."

Iliniuma. Nikaenda hata hivyo. Mama Sepat aliponiona na mizani akaguna, "Na wewe tena? Safari hii kuni ni kavu kabisa!" Nikapima gramu mia tano za matumbawe, tukachoma, akanyunyiza. Ikatoka gramu mia tatu sitini na moja. Imepungua gramu tisa! Nilikesha na daftari siku tatu mpaka nikapata sababu.

Mwalimu Nialin, kwa niaba ya walimu na wanafunzi wote wa Sohomba, asante kwa kutokubali tushindwe mara mbili. Nenda ukapumzike, uwe na afya na siku ndefu zenye furaha. Lakini kabla hujaondoka, geuza karatasi hii. Nyuma kuna swali namba moja la daftari jipya, la gramu hizo tisa, na kengele yako ya mwisho inalia saa tisa. Ukilitegua kabla yake, nalikata. Ukishindwa, samaki ni wangu.

Kanawi Posanau
Idara ya Sayansi