Mashine ya Teodora

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, mke wangu Teodora alijichoma kidole, akadondoshea damu kijikaratasi, akakichomeka kwenye mashine yake ya kupimia sukari. Kioo kikaonyesha sita. "Baba Precious, leo niko sawa," akaniambia, akanywa chai. Jioni alizimia. Hospitalini walipata ishirini na sita. Ile mbili ya mbele, kioo cha mashine kilikuwa hakiionyeshi tena. Baada ya kuanua matanga, vitu vyake vilipogawanywa, jirani yetu Masele aliiomba mashine kwa ajili ya dada yake Sabina wa Kamanga, ng'ambo ya kivuko, naye ana sukari. Sikumpa kwanza. Niliileta kijiweni, Mabatini, nikaiweka kwenye benchi katikati ya vikombe vya kahawa, nikawaeleza wenzangu, Masele akiwemo. Kashindye, tunayemwita Waziri kama wao wanavyoniita mimi Mwalimu, aliinyakua kwanza.

WAZIRI: Hili ni soko huria, Mwalimu. Mlango wazi, kila takataka inapita. Ndiyo ile, mgeni njoo mwenyeji apone.

KEPTENI: Methali umeibeba kichwa chini. Mwenyeji tumemzika.

Huyo ni Okwach, fundi wa injini za boti. Waziri aliniangalia, akaniomba radhi. Nikamwambia aendelee.

WAZIRI: Nasema hivi, imetengenezewa nyumba zenye baridi. Bati letu limeiunguza akili.

KEPTENI: Si bati. Imezoea sukari ya paketi. Ikikutana na ya muwa wa kutafuna, inapoteza hesabu.

WAZIRI: Au inahesabu vizuri, halafu inapeleka Ulaya. Kama sangara. Minofu inapanda ndege, sisi tunabaki na mapanki, mifupa mitupu. Ile mbili ilikuwa mnofu.

Nilicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba.

MASELE: Lakini si inawaka, jamani? Betri nzima. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Sabina atakuwa anajumlisha ishirini mwenyewe.

KEPTENI: Na siku ikiwa sita ya kweli?

MASELE: Atajisikia mwilini.

KEPTENI: Basi mashine ya nini?

Nikawaambia ninavyoiona mimi. Aliyeibuni aliujali mkono wa mgonjwa: inashikika vizuri, kitufe ni kimoja, kikubwa, mzee hahangaiki. Ila namba isipowaka, pale mahali pake panabaki peupe, sawasawa na pale ambapo hapakuwa na namba. Mtu anasoma anachokiona.

WAZIRI: Sasa wewe unamtetea.

— Namwelewa tu, nikasema.

Sabina alifika wakati huo, akitokea kivukoni, kikapu cha viazi mkononi.

SABINA: Shikamooni, kaka zangu. Poleni na msiba.

Aliipokea mashine toka kwa Masele kwa mikono miwili, akaiangalia kwa furaha aliyojaribu kuificha.

SABINA: Nyepesi. Sasa, ikiharibika itaniambiaje?

Waziri alitazama ndani ya kikombe. Kepteni alijikuna shingo.

SABINA: Kwani nimeuliza vibaya?

— Hapana, dada.

Nikaitoa taratibu mikononi mwake. Hakuing'ang'ania, ila aliendelea kuiangalia.

Asubuhi iliyofuata nilimpitia kwa Masele, tukaenda hospitali ileile. Langoni nilisimama. Sabina alinisubiri. Tukapanga foleni ya maabara pamoja, apimwe sukari. Jina lake lilipoitwa, alinipa kikapu nimshikie, akaingia.