Wasifu wa Marehemu Sylvanus Ondiek Ogutu, Aliyeomba Choo Kila Nyumba Isipokuwa Moja

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, mimi ni Akoth, binti wa kwanza wa marehemu. Nimeombwa nisome maisha yake kwa Kiswahili, maana hapa tupo Wajaluo, Waacholi, Waganda na Wakongo, na hii ndiyo lugha inayotukutanisha, kila mtu na namna yake.

Marehemu Sylvanus Ondiek Ogutu alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Februari 1960, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, Nsambya, hapa Kampala. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Yohana Ogutu, fundi wa mabehewa kutoka Gem, ng'ambo ya mpaka, na Mama Perpetua Awino. Mwaka 1977 shirika la reli lilipogawanyika, wazazi wake walirudi Gem. Yeye alibaki, akasema kwao ni pale alipojifunzia kutembea. Ndiyo sababu tunamzika hapa leo, ingawa wazee wa Gem wametununia. Tumewasikia, na tunaomba watuwie radhi.

Alisoma shule ya msingi ya misheni Nsambya tangu mwaka 1967, kisha sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1978. Hesabu aliipenda kuliko chakula. Angeendelea, lakini vita vya 1979 viliingia mjini na shule ikafungwa, na ilipofunguliwa hakukuwa na mtu wa kumlipia karo. Hakuwahi kulalamika juu ya hilo. Alilalamika juu ya mengine.

Tarehe 4 Agosti 1980 aliajiriwa na ofisi ya maji ya mji kama mchimba mitaro. Vita vya 1986 vilipokwisha, mafaili mengi ya ofisi yalikuwa yamepotea, na mwaka 1988 akafanywa mkaguzi, atembee kwa miguu mtaa kwa mtaa na kuandika upya kila nyumba. Kazi yenyewe aliieleza hata kwa watu ambao hawakumuuliza. Maji safi yana mita, alisema, lakini maji taka hayana. Kwa hiyo ofisi hutazama maji yaliyoingia na kukisia yaliyotoka. Nyumba ya kuishi hulipia robo tatu, kwa sababu mengine hunywewa na mengine humwagwa uani. Hoteli ya chakula hulipia yote. Kiwanda hulipia yote na zaidi, kwa ajili ya uchafu wake. Na nyumba yenye choo cha shimo, isiyoungwa kwenye bomba la mji, hailipi kitu.

Sasa mtu wa kawaida angejuaje nyumba ipi imeungwa? Wenzake waliuliza mlangoni, wakadanganywa. Baba aliomba choo. Kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, aliingia, akavuta maji, akasimama kimya na kusikiliza yanakoelekea. Hapa Namuwongo walimwita Bwana Choo, na aliitika.

Tarehe 21 Aprili 1990 alifunga ndoa na mama yetu, Moreen Aluoch, katika kanisa la Nsambya. Mama alikuwa binti wa mpakiaji mizigo wa Port Bell. Siku ya kwanza kwenda kwa wakwe, Baba alisahau kwamba kwetu mkwe hagusi choo cha wakwe zake. Akaomba. Wazee walipigwa na bumbuwazi. Aliporudi aliwatangazia kwamba bomba lao linavuja upande wa jikoni. Walimtoza jogoo, na wiki iliyofuata bomba likapasuka palepale. Babu alimrudishia jogoo wake.

Mungu aliwajalia watoto watatu, nasi tulilelewa katika nyumba hiihii kando ya reli.

Nitasema sasa jambo ambalo Mama alitaka nilipite. Nimemwomba ruhusa, na amekubali kwa shingo upande.

Jumatano, tarehe 12 Juni 1991, Baba alifika kwenye nyumba ya Mama Adyero, nyumba nne kutoka kwetu. Mume wake, polisi wa Gulu, alikuwa ameaga dunia siku mbili kabla. Baba aliona turubai, masufuria makubwa na watu wamekaa kimya. Akasimama langoni. Hakuthubutu kuingia kwenye matanga na kumwomba mjane choo. Jirani mmoja alimwambia kwamba mama huyo hupikia wafanyakazi wa reli, nalo bomba la mji lilipita mbele ya lango lenyewe. Akaandika: hoteli ya chakula, imeungwa. Alikusudia kurudi. Hakurudi.

Mwaka 1993 Mama Adyero alikuja ofisini na bili zake zimefungwa kwenye kitambaa. Biashara ya chakula ilikufa pamoja na mume wake. Alikuwa analipia maji mara mbili, mara ya kwanza yakiingia na mara ya pili yakitoka kwenye bomba asilokuwa nalo. Baba mwenyewe ametusimulia maneno yao.

"Wewe ndio uliandika nyumba yangu?" Mama Adyero aliuliza. "Mimi choo yangu ni ya shimo. Iko pale nyuma, kila mtu anaona."

"Niliogopa kuingia, mama. Mlikuwa na msiba."

"Sasa hiyo heshima yako ndio mimi nalipa kila mwezi?"

Baba alizipokea bili zile, akaahidi kufuta alichoandika.

Alidhani ni jambo la siku moja. Lakini kanuni ilisema mkaguzi hawezi kufuta alichoandika mwenyewe. Mwenzake akatumwa, na aliporudi wakubwa wa ofisi wakamuuliza aliyeandika kwanza ni nani. Aliposema ni Ondiek, wakajibu kwamba Ondiek hakosei. Jina lake zuri likamfunga mikono. Kisha wakasema nyumba hutoka kwenye orodha ikiwa tu ina cheti cha kukatwa bomba. Fundi akatumwa kukata. Alizunguka ua mzima asione bomba, akaandika kwa uaminifu kwamba hakuna kilichokatwa. Kwa hiyo nyumba ikabaki kwenye orodha.

Mwaka 1998 deni lilipozidi, mfereji wa maji safi wa Mama Adyero ulikatwa. Ulikatwa haraka, bila cheti. Tangu hapo amechota maji kwetu kila asubuhi kwa jerikeni ya njano, na bili ya maji taka imeendelea kwa kiasi cha chini, hata bila tone kuingia. Mimi nilikuwa na miaka saba, na nilichukia kumwona, kwa sababu alipofika Baba aliacha chai yake na kutoka nje kumsaidia kuinua. Sasa naona haya.

Mwaka 2003 Baba alikopa fedha ili amuunge kwelikweli kwenye bomba la mji, kusudi likatwe na cheti kipatikane. Ofisi ilikataa ombi, maana kumbukumbu zilionyesha nyumba imekwisha kuungwa. Siku ile nilimwona baba yangu akilia mezani, mtu mzima, kalamu mkononi. Aliandika barua arobaini na moja. Alistaafu tarehe 30 Juni 2015, akapewa saa ya ukutani.

Mwaka 2016 alipata kiharusi chepesi, na mwaka uliofuata figo zikaanza kushindwa. Miezi mitatu ya mwisho alilazwa hospitali. Muuguzi aliandika kila kikombe alichokunywa na kila tone lililotoka, na Baba, katika maumivu yale, akamwomba aione karatasi. Alimwambia kwamba miaka yote ile alikuwa anatafuta mahali wanapopima yanayotoka.

Jumatatu usiku Mama Adyero alikaa naye. Baba aliuliza kama barua ya mwisho imejibiwa.

"Wamejibu, baba Akoth," alimwambia. "Wametoa jina yangu. Lala sasa."

Haikuwa kweli. Mimi nilijua, Mama alijua. Baba alilala, na alfajiri ya Jumanne, tarehe 5 Machi 2019, akaaga dunia.

Juzi, Alhamisi, mkaguzi mpya wa ofisi alifika langoni petu, mwanamke wa makamo aliyevaa vizuri, maana mitaa inaandikwa upya tena. Aliona turubai. Aliona masufuria. Akasimama, akainamisha kichwa kwa heshima, akafungua daftari lake. Nilikimbia nikamwomba aingie, aone kwamba ni nyumba ya kuishi tu. Akasema pole sana, hawezi kusumbua matanga, atarudi.

Mama Adyero alikuwa anaosha sahani. Aliinuka na povu mikononi, akamshika yule dada kiganja.

"Hakuna kurudi," alisema. "Ingia ukojoe."

Akampeleka hadi mlango wa choo. Watu wote chini ya turubai walitega masikio, na Mama yangu, mjane wa siku mbili, akatega pia. Maji yakavutwa. Tukayasikiliza yakienda hadi mwisho, kama Baba alivyotufundisha. Mkaguzi alipotoka aliandika: nyumba ya kuishi. Kisha nikamwonyesha nyumba ya nne kutoka hapa. Akapekua orodha yake, akatikisa kichwa. Hiyo, alisema, ilikwisha kukaguliwa na Ondiek.

Marehemu ameacha mjane, Moreen Aluoch, watoto watatu, Akoth, Yohana Ogutu na Perpetua, wajukuu wanne, dada yake Ayot, aliyesafiri kutoka Gem licha ya wazee, na jirani yake Adyero, ambaye leo asubuhi alichota kwetu maji ya kupikia chakula mtakachokula baada ya maziko haya. Nakala za barua arobaini na moja ziko kwangu. Nitaandika ya arobaini na mbili, ingawa najua itajibiwaje.

Baba, uliambiwa wametoa jina. Kaa na hilo, na Mungu akupe pumziko lenye amani.